Ndege ambayo watu wa Boga Boga hawakuisahau

Mabaki ya Black Jack, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu, yanasemwa kuwa yaligunduliwa mwishoni mwa Desemba 1986 karibu na Rasi ya Vogel, Papua New Guinea. Kauli hiyo ina kweli nusu. Watu wa Boga Boga, kijiji kilicho ufukweni pale pale, walijua tangu mwaka 1943 kwamba nje ya mwamba wao imezama ndege.

Ilikuwa B-17, ndege ya injini nne yenye mabawa ya zaidi ya mita 31 kutoka ncha hadi ncha. Namba yake, 41-24521, iliishia na 21, na rubani wake wa awali, Ken McCullar, akaipa jina la mchezo wa karata ambao mchezaji hulenga kufikisha 21. McCullar hakuiona siku ya mwisho ya ndege hiyo. Alifariki Aprili 1943 ndege nyingine aliyokuwa akiirusha ilipopata ajali wakati wa kupaa huko Port Moresby.

Usiku wa Julai 10, 1943, Black Jack ilipaa kutoka Port Moresby ikiongozwa na Ralph DeLoach, kwenda kushambulia Rabaul, ngome kuu ya Wajapani katika eneo lile. Injini mbili za bawa la kulia zikaanza kusumbua. Hata hivyo walifika, wakadondosha mabomu, wakageuza. Njiani wakakumbana na dhoruba, wakapotea, mafuta yakawa yanakwisha. Kulipokucha DeLoach aliamua kuitua baharini, kando ya mwamba wa matumbawe. Kutua tumbo juu ya maji kwa ndege nzito kiasi hicho ni kazi ya kutisha, na aliifanya vizuri ajabu: wote kumi walitoka hai, ingawa baadhi walijeruhiwa, kabla ndege haijazama. Wanakijiji waliwasaidia.

Vita vikaisha, na habari ya ndege ikabaki kijijini. Habari hiyo ndiyo iliyowafikisha pale wapiga mbizi watatu, Rod Pearce akiwa mmoja wao. Walitarajia kukuta Beaufort, ndege ndogo kuliko B-17 iliyotumiwa na Waaustralia. Badala yake walikuta mkia mkubwa wa B-17 umesimama wima juu ya mchanga, karibu mita 50 chini. Pua ilikuwa imepondeka kwa kugonga sakafu ya bahari, lakini mabawa, injini na kiwiliwili vilikuwa pamoja, na bunduki za rashasha zilikuwa bado mahali pake.

Kwa nini ilidumu hivyo? Kwanza, haikuanguka, ilitua. Pili, kwenye kina kile nguvu ya mawimbi haifiki kuivunja. Tatu, si rahisi kuifikia: shinikizo la pale ni mara sita ya lile la juu ya maji, na mpiga mbizi hukaa dakika chache tu kabla ya kulazimika kupanda polepole. Wezi wa vipuri hawapendi mahali kama hapo.

Ndege ya Ujerumani aina ya Dornier Do 17, iliyotunguliwa Agosti 1940, haikuwa na bahati hiyo. Ilizama kwenye fungu la Goodwin Sands, pwani ya Kent nchini Uingereza, ambako kina ni kifupi na mikondo huhamisha mchanga kila mara. Mchanga uliifunika miaka mingi, kisha ukaiacha wazi. Bati la aluminiamu likigusana na chuma ndani ya maji ya chumvi huliwa upesi, kwa hiyo mwaka 2013 jumba la makumbusho la jeshi la anga la Uingereza liliitoa. Ilibidi inyunyiziwe maji yenye asidi ya limau kwa muda mrefu ili chumvi na ukoko vitoke. Kwa Dornier, uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu kuiacha kungekuwa kuipoteza.

Black Jack haihitaji kuokolewa namna hiyo. Ibaki ilipo, bila mtu kubandua hata kipande kimoja. Na kila inapoandikwa ni nani waliigundua, watu wa Boga Boga watajwe kwanza.