Msee Bila Digrii Aliyepima Kasi ya Risasi

Wasee, wiki hii nimekesha nikiangalia video za majamaa wa Uingereza wakilenga shabaha na bunduki za upepo. Sijawahi kushika moja, na sina mpango. Kilichonishika ni hesabu.

Jamaa anataka kupiga kibao kilicho mita 50. Kirisasi chake kinachukua kama robo sekunde kufika, na ndani ya hiyo robo sekunde kinaanguka karibu sentimita 30. Basi anafungua programu kwa simu, anaweka kasi, umbali, urefu wa darubini juu ya mtutu, na namba inayoonyesha hewa inakipunguza kirisasi mwendo kiasi gani. Programu inamwambia azungushe darubini mara ngapi. Tik, tik, tik. Kila tik inasogeza shabaha nusu sentimita.

Anafyatua. Chini kabisa!

Kumbe aliamini kasi iliyoandikwa kwa boksi, na mara nyingi hiyo hupimwa na virisasi vyepesi ndio namba ikae poa. Ikabidi apime kasi mwenyewe, halafu arekebishe ile namba ya hewa kidogo kidogo hadi programu na kibao zikaelewana.

Hii tabia ya kukataa namba ya kuambiwa ina mwenyewe. Anaitwa Benjamin Robins, alizaliwa Bath mwaka wa 1707, familia ya Wakweka isiyo na pesa. Chuo kikuu hakuenda. Alijisomea hesabu, akafunza watu London, na 1727 akaingizwa Royal Society akiwa hata hajafika miaka 21. Mimi niliacha kampo, na kila nikiposti kitu cha sayansi kuna mtu lazima aulize karatasi iko wapi. Kwa hivyo ndio, huyu msee nampenda kwa sababu zangu.

Zamani zake, wengi walichukua mchoro wa Galileo wa 1638, ule upinde safi, wakajiambia hewa ni kitu kidogo sana kusumbua risasi. Robins akatengeneza pendulamu: bamba la chuma na kipande cha mbao, uzito kama kilo 25, limening'inia. Unalipiga risasi, linabembea, utepe uliofungwa chini unavutwa na kuonyesha limeenda umbali gani. Ukijua uzito wa risasi na wa pendulamu, unapata kasi. Hakuna umeme, hakuna kompyuta, bana!

Akasogeza pendulamu mbali zaidi na kuona risasi imepoteza kasi njiani. Risasi ya futi 1,700 kwa sekunde, kwa ule upinde safi, ingefika maili 17. Kwa hewa halisi haifiki hata maili moja. Manze, hiyo si kosa dogo. Kitabu chake kilitoka 1742, na 1745 Leonhard Euler, mwanahesabu mkubwa wa Ulaya, akakitafsiri kwa Kijerumani na kuongeza maelezo yake marefu.

Lakini sitaki mniambie nimemfanya malaika. Robins hakuwa anapiga vibao siku ya Jumamosi. Kitabu kilikuwa cha mizinga, na mizinga ilikuwa ya kuua watu. Mwishowe aliajiriwa na East India Company, ile kampuni iliyokuja kuitawala India, aende huko kurekebisha ngome zao. Homa ikamuulia huko mwaka wa 1751, kazi ikiwa haijaisha.