Mbung'o na Jembe

Aitazamaye leo nchi ya Sola mkoani Simiyu, akaona mashamba, makundi ya ng'ombe na kaya za Wasukuma, hatasadiki upesi kwamba mwaka 1922 malale yalizuka katika wilaya ya Maswa. Madaktari walimjua mwenezaji wake, yaani mbung'o. Lakini mbung'o hakuzaliwa mwaka ule. Yatupasa kuuliza ni nini kilichomfungulia mlango.

Jibu lake liko nyuma. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno, na njaa ikafuata. Kisha vita vya 1914 hadi 1918 vikawachukua wanaume. Mahali pasipochungwa wala kulimwa, vichaka hurudi; na kichaka ndicho makao ya mbung'o.

Serikali ya Waingereza iliwahamisha watu, ikawakusanya pamoja. Huko Shinyanga, katika miaka ya 1920, Charles Swynnerton alitumia nguvu za umma kufyeka mapori. Mbung'o alirudi nyuma, lakini waliohamishwa waliacha mashamba na makaburi ya wazee wao.

Hata hivyo, hekima ile haikuwa ngeni. Mwaka 1971 John Ford, mtafiti wa mbung'o, alionyesha katika kitabu chake kwamba Waafrika walikuwa wameyazuia maradhi hayo kwa namna yao ya kukaa na kulima, kabla ya ukoloni kuivuruga.

Basi dawa humponya mgonjwa. Bali nchi huponywa na maisha ya watu wake. Atakaye kulinda afya yao na aanze kwa kuwauliza waishivyo, kabla ya kuwaamuru wahame.