SUMU YA MSHALE NA MAPIGO YA MOYO

Kabla ya kuanza somo, kila mmoja aweke vidole viwili juu ya mshipa wa mkono, chini ya kidole gumba. Moyo wenye afya hupiga kwa mpango, kama makasia ya watu waliozoeana. Lakini wako watu ambao mapigo yao huenda ovyo, mara mbio, mara polepole. Mara nyingi sababu ni kwamba vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma damu.

Sasa sikilizeni habari ya zamani. Daktari John Kirk alisafiri na David Livingstone, na mwaka 1862 waliupanda mto Ruvuma kwa mashua, kusini ya Mikindani. Katika bonde la mto Shire, katika Malawi ya leo, Kirk aliona wawindaji wakipaka mishale sumu iitwayo kombe, itokayo katika mbegu za mmea. Siku moja mswaki wake uliguswa na sumu hiyo mfukoni. Alipoutumia alionja uchungu, na alipojipima aliona mapigo yake yamepungua.

Kirk huyo baadaye akawa balozi Unguja. Mwaka 1873 alipatana na Sultani Barghash juu ya mkataba uliokataza kusafirisha watumwa kwa bahari, biashara iliyoitajirisha Kilwa Kivinje.

Mwaka 1885 Thomas Fraser wa Edinburgh alitoa dawa ya moyo katika mbegu za kombe. Basi kumbukeni: waliotangulia kujua nguvu za mmea ule ni wawindaji wa Afrika. Lakini msiijaribu. Ikizidi kidogo tu huua, na siku hizi madaktari hutumia dawa nyingine.

Mwaka 1909 Thomas Lewis wa London alitumia mashine ya kuandika mapigo, akaonyesha kwamba mapigo yale ya ovyo hutokana na mtetemo wa vyumba vya juu. Baadaye ikajulikana neno kubwa: ugonjwa huu mara nyingi hauji peke yake. Wenzake ni shinikizo la damu, kisukari, na maradhi ya figo au ya tezi ya shingo. Kwa vijana wengi wa Afrika, mwenzake ni milango ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza kwa koo la mtoto lisilotibiwa. Tena, damu ikituama moyoni huganda. Bonge likienda ubongoni, huleta kiharusi. Hatari hiyo kwa mgonjwa huyu ni kama mara 5 kuliko kwa mtu mwingine.

Ninyi wa pwani mnajua kazi ya kalafati. Jahazi lenye nyufa tatu, fundi akiziba moja tu, litazama. Vivyo hivyo, anayetibiwa moyo akaacha vidonge vya shinikizo kwa sababu anajiona mzima, bado yumo hatarini.

Basi ukiwa na mapigo ya ovyo, nenda hospitali, iwe Kinyonga, Kilwa Kivinje, au Sokoine, Lindi. Mweleze daktari maradhi yako yote na kila dawa unayotumia, hata ya miti shamba.

Maswali
1. Nani walitangulia kujua nguvu za kombe?
2. Taja maradhi mawili yanayofuatana na mapigo ya ovyo.
3. Kwa nini koo la mtoto litibiwe mapema?