Sindano na Joto: Historia ya Njia Mbili za Kupambana na Makunyanzi ya Uso

Makunyanzi ya uso hayana chanzo kimoja, na jambo hilo ndilo linaloeleza kwa nini tiba zake zimegawanyika. Ndita za kipaji na mistari ya pembeni mwa macho huchorwa na misuli inayoikunja ngozi ileile kwa miaka mingi. Mifereji inayoshuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo hutokana zaidi na kupungua kwa mafuta na mifupa iliyokuwa ikiishikilia ngozi kutoka chini. Na kulegea kwa mashavu na shingo huletwa hasa na kuchakaa kwa kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoipa ngozi uimara wake, uchakavu ambao jua na tumbaku huuharakisha. Katika soko la urembo la leo mteja huwekewa mbele yake sindano na mashine ya kukaza ngozi kana kwamba ni bidhaa mbili za aina moja zinazotofautiana kwa bei na maumivu tu. Historia inaonyesha vingine. Njia hizo zilizaliwa mbali na urembo na mbali kati yao wenyewe, ya kwanza katika majaribio ya kuziba mapengo ya mwili na kutibu makengeza, ya pili katika vyumba vya upasuaji ambamo umeme ulitumika kukata nyama na kuzuia damu, na kila moja iliingia usoni ikiwa na tabia za ukoo wake.

Sindano ndiyo iliyotangulia, na mwanzo wake ulikuwa mbaya. Mwaka 1899 daktari wa upasuaji wa Vienna, Robert Gersuny, alimdunga kijana aliyeondolewa korodani kwa sababu ya kifua kikuu mafuta mazito ya petroli, yale yanayofahamika majumbani kwa jina la Vaseline, ili kurudisha umbo lililopotea. Matokeo ya mwanzo yalipendeza, na katika miaka michache parafini, ambayo ni ndugu mgumu zaidi wa mafuta hayo, ikawa inayeyushwa na kudungwa katika pua zilizobonyea, mashavu yaliyoingia ndani na makunyanzi ya watu wasio na ugonjwa wowote. Mwili, hata hivyo, hauwezi kuimeng'enya parafini. Huizungushia utando wa kovu, na baada ya miezi au miaka hutokea uvimbe mgumu ambao huhama, hupasuka au huiharibu ngozi iliyo juu yake. Gladys Deacon, Mmarekani aliyesifiwa kwa uzuri Ulaya nzima na ambaye baadaye aliolewa na Duke wa Marlborough wa Uingereza, alidungwa parafini kwenye mgongo wa pua akiwa bado kijana, nayo ikateremka na kuuharibu uso wake kwa maisha yake yote yaliyobaki. Aliishi hadi mwaka 1977.

Kisa cha parafini kilipaswa kuwa onyo la kutosha, lakini baada ya Vita Kuu ya Pili kosa lilelile lilirudi kwa jina jingine. Silikoni ya majimaji, iliyokuwa ikitumika viwandani, ilianza kudungwa Japani katika miaka ya 1940, kwanza matitini na baadaye usoni, kisha ikavuka bahari hadi Marekani, ambako wacheza shoo wa Las Vegas walikuwa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Madhara yalikuwa yaleyale ya uvimbe, vidonda na nyama kuoza, kiasi kwamba jimbo la Nevada lilipiga marufuku sindano hizo mwaka 1975. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani haijawahi kuidhinisha silikoni ya majimaji kwa kujaza makunyanzi, na bado inadungwa kwa siri katika miji mingi ya dunia.

Badiliko la kweli lilikuja pale wataalamu walipoacha kutafuta kitu cha kudumu. Mwaka 1981 mamlaka hiyo iliidhinisha kolajeni iliyosafishwa kutoka katika ngozi ya ng'ombe, bidhaa iliyoitwa Zyderm, ambayo ilitengenezwa California na kuwa kijazio cha kwanza kupata kibali rasmi nchini humo. Ilikuwa na kasoro mbili zilizojulikana: takriban watu 3 katika kila 100 walikuwa na mzio nayo, hivyo kila mteja alilazimika kufanyiwa jaribio kwenye mkono na kusubiri wiki kadhaa, na baada ya miezi michache mwili uliivunjavunja na kuiondoa. Kasoro ya pili ndiyo iliyogeuka kuwa sifa, kwa kuwa kosa la daktari lisilodumu ni afadhali kuliko ufanisi wa miaka miwili unaofuatwa na uvimbe wa maisha, ingawa ni kweli pia, na wafanyabiashara hawakuchelewa kuligundua, kwamba tiba inayoisha humrudisha mteja kliniki.

Sindano ya pili, ambayo haijazi chochote bali huzuia misuli kukunja ngozi, ina historia ndefu na ya ajabu zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 19 huko Württemberg, Ujerumani, watu walikuwa wakifa baada ya kula soseji zilizoharibika, na daktari wa serikali aliyekuwa pia mshairi, Justinus Kerner, alikusanya habari za wagonjwa 155 katika kitabu alichokichapisha mwaka 1822. Kerner alionja sumu ya soseji hizo mwenyewe, akaeleza kwamba inakata mawasiliano kati ya neva na misuli bila kugusa fahamu, na akadokeza kwamba kwa kipimo kidogo ingeweza kuwa dawa ya maradhi ya misuli isiyotulia. Mwaka 1895 katika kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, wanamuziki 34 waliopiga katika mazishi walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi, watatu wakafa, na Émile van Ermengem akaitambua bakteria inayotoa sumu hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani liliichunguza kama silaha katika kambi ya Detrick, Maryland, na miongoni mwa waliofanya kazi ya kuisafisha alikuwa mwanakemia Edward Schantz.

Ni Schantz huyo aliyempelekea sumu iliyosafishwa daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, ambaye hakuwa akifikiria urembo hata kidogo. Scott alitafuta njia ya kunyoosha makengeza bila kisu: ikiwa msuli mmoja unalivuta jicho kupita kiasi, kuulegeza kwa dozi ndogo kungelirudisha jicho katikati. Alichapisha matokeo ya majaribio yake kwa nyani mwaka 1973 na kwa binadamu mwaka 1980, na mwishoni mwa mwaka 1989 dawa yake, iliyoitwa Oculinum, ilipata kibali kwa makengeza na kwa ugonjwa wa kope zinazofumba zenyewe bila hiari. Kampuni ya Allergan ikaichukua na kuipa jina la Botox. Nguvu ya kitu hiki inaonekana katika jambo moja: fungu ambalo Schantz alilitengeneza mwezi Novemba 1979, ambalo uzito wake haukufika gramu moja, ndilo lililotumika kutengenezea dawa hiyo hadi mwaka 1997.

Hatua ya kuingia katika urembo ilipigwa Vancouver, Kanada, mwaka 1987, wakati daktari wa macho Jean Carruthers alipoambiwa na mgonjwa wake wa kope kwamba sindano zile zilimfanya aonekane ametulia, asiye na ndita. Mumewe, Alastair Carruthers, alikuwa daktari wa ngozi aliyehangaika na mikunjo hiyohiyo kwa kutumia kolajeni, na wawili hao wakachapisha ripoti yao ya kwanza mwaka 1992. Kibali cha Marekani kwa ndita za katikati ya nyusi kilitolewa tarehe 15 Aprili 2002, baada ya majaribio mawili ya watu 537 ambao baadhi yao walidungwa maji matupu ya chumvi bila wao wala madaktari kujua; siku ya 30 madaktari waliona ndita zimefifia au zimetoweka kwa asilimia 80 ya waliopata dawa, na kwa asilimia 3 tu ya waliopata maji. Katika tiba za urembo si mara nyingi tofauti huwa wazi namna hiyo. Athari yenyewe hudumu miezi mitatu hadi minne, kisha neva hurejesha mawasiliano yake na ndita hurudi.

Kwa upande wa vijazio, kolajeni ya ng'ombe ilisukumwa kando na asidi ya hayaluroni, aina ya sukari ndefu inayovuta maji na ambayo imo katika ngozi ya kila mtu. Karl Meyer na John Palmer waliitoa katika jicho la ng'ombe mwaka 1934, baadaye ikapatikana kwa wingi katika upanga wa jogoo, na kiwanda cha Q-Med cha Uppsala, Uswidi, kikaizalisha kwa bakteria na kuifunga iwe jeli, bidhaa ya Restylane iliyoingia soko la Ulaya mwaka 1996 na la Marekani mwaka 2003. Haikuhitaji jaribio la mzio, na ilikuwa na faida ambayo hakuna kijazio kilichotangulia kilichokuwa nayo, kwani ipo dawa ya kimeng'enya inayoiyeyusha ikiwa imewekwa pasipostahili. Hatari yake kubwa imebaki ileile ya sindano zote za kujaza: jeli ikiingia ndani ya mshipa wa damu inaweza kuua ngozi, na ikifika kwenye mishipa ya jicho inaweza kuleta upofu usiotibika.

Kijazio kimoja kina uhusiano na Afrika Mashariki ambao wauzaji wa urembo hawautaji. Sculptra, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, haikuruhusiwa kwanza kwa ajili ya uzee bali kwa ajili ya watu wenye VVU ambao mashavu yao yalikuwa yameingia ndani kwa kupoteza mafuta, na dawa iliyohusishwa zaidi na hali hiyo ilikuwa stavudini, ambayo katika miaka hiyo ilikuwa nguzo ya matibabu ya bei nafuu Kenya, Tanzania na Uganda hadi Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2009 iondolewe taratibu. Kwa maelfu ya wagonjwa wa ukanda huu, uso uliosinyaa haukuwa suala la urembo bali alama ya kutambuliwa mtaani, na msaada walioupata ulikuwa kubadilishiwa dawa, si sindano.

Historia ya joto ni fupi zaidi na ushahidi wake ni mwembamba zaidi. Leza, yaani mwanga uliokusanywa kuwa mwale mmoja, ilipatikana mwaka 1960, na ile ya gesi ya kaboni dioksidi ilitengenezwa na Kumar Patel mwaka 1964. Katika miaka ya 1990 ilitumika kuchoma tabaka la juu la ngozi ili jipya liote. Makunyanzi yalipungua kwelikweli, lakini mgonjwa alikaa na kidonda kwa wiki nzima au zaidi, wengine wakabaki na mabaka meupe, na kwa watu weusi hatari ya makovu na madoa ilikuwa kubwa mno. Mashine za kukaza ngozi zilikuja kama jibu la tatizo hilo. Wazo lilikuwa kupitisha joto chini ya ngozi bila kuijeruhi juu, na chombo chake kilikuwepo tayari: mkondo wa umeme wa kasi kubwa ambao William Bovie na Harvey Cushing waliuingiza katika upasuaji wa ubongo huko Boston mwaka 1926. Mashine ya Thermage, iliyopata ruhusa Marekani mwaka 2002 kwa makunyanzi ya kuzunguka macho, hupitisha mawimbi ya redio huku ikiipoza ngozi ya juu; kolajeni inayopata joto la nyuzi 60 hivi hujikunja, na katika miezi inayofuata mwili huitengeneza mpya kana kwamba unaponya jeraha.

Matarajio yalizidi matokeo. Utafiti wa Thermage kwa watu 86 uliochapishwa mwaka 2003, bila kundi la kulinganishia, ulionyesha kwamba asilimia 61.5 ya nyusi zilizopimwa zilipanda kwa angalau nusu milimita. Katika miaka ya mwanzo joto kali la mpito mmoja lilileta maumivu, na kwa wachache malengelenge au mabonde yaliyosababishwa na mafuta kuyeyuka, hadi madaktari walipohamia mipito mingi ya joto la chini. Mwaka 2009 ilifuata Ulthera, mashine ya mawimbi ya sauti yanayokusanywa katika nukta ndogo hadi kina cha milimita 4.5, ambako kuna utando wa misuli ambao Vladimir Mitz na Martine Peyronie waliueleza Paris mwaka 1976 na ambao wapasuaji huuvuta wanapoinua uso. Katika utafiti wa watu 35 uliochapishwa mwaka 2010 nyusi zilipanda kwa wastani wa milimita 1.7.

Tofauti hii ya ushahidi haikutokea kwa bahati. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1976 kuhusu vifaa vya tiba, mashine nyingi huruhusiwa kuuzwa kwa kuonyesha kwamba zinafanana na nyingine zilizokwisha kuwepo sokoni, ilhali dawa kama Botox na vijazio vinavyobaki mwilini hudaiwa majaribio mazito ya usalama na ufanisi. Hivyo wingi wa mashine katika kliniki si kipimo cha ubora wake.

Ikiwa shida ni ndita, hakuna mashine iliyowahi kuikaribia sindano ya kulegeza misuli. Ikiwa ni mashavu yaliyoingia ndani, joto haliwezi kujaza kilichopungua na kwa uso mwembamba linaweza hata kuongeza upungufu. Ikiwa ni kulegea kidogo kwa ngozi ambayo bado ina uhai, hapo ndipo mawimbi ya redio na ya sauti yana hoja, na kwa ngozi nyeusi yana faida juu ya leza kwa kuwa hayanyonywi na melanini, rangi ya asili ya ngozi. Ngozi iliyokwisha kuning'inia chini ya taya haiinuliwi na lolote kati ya hayo kwa kiasi cha maana. Kazi hiyo bado ni ya kisu, kama ilivyokuwa Berlin mwaka 1901, pale Eugen Holländer alipofanya, kwa maelezo yake mwenyewe, upasuaji wa kwanza wa kuivuta ngozi ya uso.