Trekta au Jembe

Katika Elimu ya Kujitegemea, waraka ambao Mwalimu Nyerere aliutoa Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, kuna mfano mdogo ambao sijawahi kuusikia ukitajwa darasani. Shamba la shule limeingiza faida. Je, pesa ikodi trekta la kuandaa shamba, au itumike kwa mahitaji mengine ya shule na wanafunzi walime kwa mikono yao? Waraka unataka uamuzi wa namna hiyo waufanye wanafunzi wenyewe, walimu wakiwaongoza.

Aliyeandika hayo alikuwa mwalimu kabla ya kuwa rais. Alifundisha Pugu hadi 1955. Nikimsoma, naona jembe peke yake kwake halikuwa somo. Somo lilikuwa kupanga, kutunza hesabu, kufaidi uamuzi mzuri na kuumia kwa uamuzi mbaya.

Jembe lilifika hadi huku mpakani. Uamuzi sikuuona. Nilisoma shule ya msingi Tunduma, wakati huo ikiwa bado mkoa wa Mbeya (Songwe ilizaliwa 2016). Tulipalilia mahindi, tukavuna, magunia yakaingia stoo, na hakuna aliyetusomea hesabu. Aliyechelewa namba adhabu yake ilikuwa shambani. Sasa mtoto ataipendaje kazi ambayo jana alipewa kama adhabu?

Lawama zote nisiwatwike walimu. Waraka ulitaka mitihani ipunguziwe uzito, lakini mtihani wa darasa la saba ndio uliobaki kuamua nani aende sekondari, na humo swali la trekta halimo.

Kilichokuwa kinanishangaza ni wenzetu waliosinzia kwenye kipindi cha hisabati. Kengele ya kutoka ikilia, walivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, wakibadili kwacha kuwa shilingi kichwani, wakiamua wanunue nini na wauze bei gani. Hakuna aliyewasukuma.

Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeleta mikondo miwili sekondari: wa jumla na wa amali. Inazungumzwa kama uhuru wa kuchagua. Mimi nasubiri kuona kama mtoto wa Tunduma ataulizwa, au atafuata mkondo wa shule iliyo karibu na kwao. Na akishaingia karakana, meza aliyoiranda ikauzwa, daftari la mauzo litashikwa na nani?