Pointa ni nini katika lugha ya C?

Lugha ya kompyuta ya C ilitengenezwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell Labs, Marekani, mnamo 1972. Hadi leo, kiini cha Linux kilichomo ndani ya simu za Android kimeandikwa zaidi kwa C. Kwa vijana wanaoanza kuisoma, tunaeleza jambo moja linalowakwamisha wengi.

Tuseme salio ni 1000. Unalipeleka kwenye funksheni ya kuongeza 500. Programu inamaliza kazi bila kulalamika, lakini salio linabaki 1000. Kwa nini?

C huipa funksheni nakala tu. Ukimpa mtu fotokopi ya daftari la madeni, akaandika kwenye fotokopi hiyo, daftari lililoko dukani halibadiliki.

Dawa yake ni pointa, yaani kihifadhio cha anwani ya mahali kitu kilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ukituma &salio, unatuma anwani. Funksheni ikiipokea kwa jina p, huandika:

*p = *p + 500;

Nyota inasema: nenda kwenye anwani hiyo. Sasa salio ni 1500.

Tahadhari: anwani ikikosewa, programu inaweza kuharibu data nyingine au kuzima ghafla. Kwa hiyo tujiulize kwanza: funksheni inahitaji kubadilisha, au kusoma tu? Ikiwa ni kusoma tu, tuandike const int *p. Hapo ikijaribu kubadilisha kupitia p, kompaila itakataa.