Kimondo au Mavi ya Chuma? Tujue Historia Tusiliwe Pesa

Ndugu msomaji, usiku huu wa Ramadhani ukitoka tarawehe, hebu inua macho juu. Hapa Wema, mbali na taa za mji, huenda ukaona kimondo kikipita na mkia wake wa moto. Mara nyingi ni kijipande kidogo tu kama punje ya mchanga, huungua huko juu kikaisha. Lakini vingine hufika chini, na hapo ndipo maneno huanza. Utasikia ati fulani ana jiwe la mamilioni, Wazungu wanalitafuta, we toa kwanza elfu kadhaa za kulipima. Vijana wanaliwa pesa zao hivi hivi. Basi tuitazame historia, maana ndani yake mna mafunzo ya kupambanua.

Walioamini na waliokataa

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika habari za chuma kilichoanguka kutoka juu. Mwaka 1621 kilianguka kipande cha chuma karibu na Jalandhar, Bara Hindi, na mfalme Jahangir akaamuru kifuliwe silaha. Wataalamu wengi wa Ulaya nao walicheka tu, wakisema mawe hayashuki mbinguni. Mpaka mwaka 1803 yalipomwagika mawe maelfu huko L'Aigle, Ufaransa, mchana kweupe, ndipo wakanyamaza.

Vya kwetu

Na sisi Afrika Mashariki tunavyo. Kule Mbozi, Tanzania, kipo kimondo cha chuma cha urefu wa mita 3 hivi, kinachokadiriwa tani 16. Wenyeji walikijua zamani. Serikali ya kikoloni ilipata habari zake mwaka 1930. Chuma ni kama asilimia 90, na nikeli asilimia 8 hivi. Hapa Kenya, tarehe 28 Januari 1934 kilianguka kimondo Rumuruti. Kipande chake kimehifadhiwa Berlin, na leo vimondo vyote vya aina ile duniani huitwa kwa jina la Rumuruti. Tarehe 14 Agosti 1992 yakanyesha mawe Mbale, Uganda, na kijiwe cha gramu 3 na kitu kikapita kwenye mgomba kikamgonga mtoto kichwani, asiumie. Thika nao walisikia mshindo tarehe 16 Julai 2011, mawe yakaanguka.

Mbona tunadanganyika?

Kwa sababu pwani yetu ni ya wahunzi tangu zamani. Al-Idrisi aliandika mwaka 1154 kwamba biashara kubwa ya watu wa Malindi ni chuma. Na mhunzi akiyeyusha chuma huacha mavi ya chuma: meusi, mazito, yenye sura ya ajabu. Yamepatikana kwenye magofu kama Shanga. Sasa udongo wetu wa delta umeletwa na mto Tana, mawe ni adimu. Mtu akiliona jeusi shambani, moyo unamruka!

Litazame hivi

1. Ganda. Kimondo kipya kina ganda jembamba jeusi kama masizi. Ndani rangi ni nyengine.

2. Matundu. Mavi ya chuma yana matundu ya mapovu kama mkate wa mofa. Kimondo kwa kawaida hakina.

3. Uzito. Vingi ni vizito kuliko jiwe la kawaida la ukubwa ule ule.

4. Sumaku. Vingi huvutwa. Lakini tahadhari: mavi ya chuma huweza kuvutwa pia, na kile cha Rumuruti karibu hakina chuma kitupu ndani. Tena usitumie sumaku kali, itafuta usumaku wa kale ambao wataalamu wanautafuta.

5. Mstari. Lisugue nyuma ya kigae, upande usiong'aa. Likiacha mstari mwekundu au mweusi, huenda ni jiwe la madini ya chuma la hapa hapa duniani.

Ukiona dalili zote zipo, bado usiseme ni kimondo. Neno la mwisho ni la maabara: nikeli ipo au haipo?

Na likiwa la kweli je? Tazama ndugu zetu wa El Ali, Somalia. Wachungaji walilijua jiwe lao la tani 15 vizazi na vizazi, wakinolea visu. Mwaka 2022 wataalamu wa Kanada walitangaza kwamba kwenye kijipande chake wamepata madini mawili yasiyojulikana kabla. Jiwe lenyewe likaripotiwa limeshapelekwa Uchina kutafutiwa mnunuzi. Wenyewe wamebaki na hadithi.

Kwa hiyo, ewe kijana wa Wema, ukiokota jiwe usilivunje, usilioshe, wala usimpe mtu pesa ya kulipima. Andika mahali na siku uliyoliokota, lipige picha, kisha ulizia Makumbusho ya Taifa au idara ya jiolojia ya chuo kikuu. Na anayekuja mbio na bei kabla hata hajaliangalia, huyo mwambie asubiri.